Samaki wa Marehemu

Nimekuwa meneja wa jukwaa wa idara yetu ya tamthilia kwa misimu mitatu, na nakwambia, mavi ya panya ninayofagia nyuma ya mapazia hayajawahi kunitia kinyaa kama binadamu wanaosimama mbele yake.

Msimu huu tulikuwa na tamthilia nne na, kila Ijumaa jioni, vichekesho vya papo kwa papo. Tamthilia hutazamwa na wazazi wetu na wazee wa mji wanaokuja kusinzia penye joto. Vichekesho hujaza ukumbi mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Kwa hiyo Profesa Gil Prentiss, mkuu wa idara, alivipenda kama mboni ya jicho lake, na kuliko wote alimpenda Brody Kessler, kijana wa mwaka wa nne mwenye meno mengi na haya kidogo.

Darasa la uigizaji la Prentiss lina desturi yake. Tunavua viatu, tunakaa duara sakafuni, na kila mtu kwa zamu yake anasimulia jambo la kweli lililomuumiza, ili siku akitakiwa kulia jukwaani ajue machozi anayatoa wapi. Kinachosemwa kwenye duara kinabaki kwenye duara. Prentiss hulisema hilo ameweka mkono kifuani.

Baada ya likizo ya Krismasi zamu ikamfikia Aili Wuollet. Aili ametoka kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, na hakuna anayetuchekesha kama yeye, lakini siku hiyo alisema akitazama vidole vya miguu yake. Miaka ya nyuma, mwishoni mwa baridi, baba yake alikwenda kuvua juu ya ziwa lililoganda, kupitia tundu alilotoboa kwenye barafu, na barafu imeanza kulainika. Ikapasuka, akazama. Ndoo yake ya samaki ilibaki juu, kando ya tundu, na jirani akaileta nyumbani. Mama yake aliitazama ile ndoo, akawatazama watoto ambao hawakuwa wamekula tangu asubuhi, akashusha kikaango. "Hiki ndicho chakula alichotuletea," akasema. Wakala wote. Kisha akawaomba wasimwambie mtu yeyote, maana watu wangesema ana moyo wa jiwe.

Brody alilia kuliko sisi sote. Alilia mpaka kamasi zikamfika mdomoni. Akamkumbatia Aili, akamwambia, "Asante kwa kutuamini, dada."

Hazikupita wiki nyingi, kwenye mazoezi ya vichekesho, Brody akatuletea mchezo wa mjane anayekaanga samaki huku mumewe bado hajatolewa majini. Alimwigiza kwa sauti nyembamba, makalio yamebinuka, anaonja chumvi. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe nilikuwa nauona pale, unatiririka.

Aili alimsubiri mlangoni. "Brody, hiyo si yako."

"Kwani nimemtaja nani? Wajane wako kibao. Samaki ndiyo usiseme."

"Mama yangu anakuja Ijumaa. Hajawahi kuniona jukwaani hata mara moja. Nakuomba, usiiguse mbele yake."

"Aa, tulia basi! Sitaigusa. Unanionaje, mimi mnyama?"

Sikumwamini hata chembe. Nikaenda kwa Prentiss, nikamkuta ofisini anakula mkate uliotiwa mayai katikati.

"Prof, Brody anachezea msiba wa Aili. Na Aili aliusimulia kwenye duara."

"Britta, Britta," alisema, kipande cha yai kimenata kwenye ndevu. "Duara ni shamba. Jukwaani ndiko tunakovuna."

"Mama mtu atakuwepo ukumbini."

"Basi atajivunia! Na Aili anaijua kanuni. Mwenzako akikupa kitu jukwaani unakipokea, halafu unaongeza chako. Zawadi haikataliwi." Akajilamba mdomo. Yai halikutoka.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Mama yake Aili alikaa safu ya tatu, amevaa koti lake la kanisani, mkoba mapajani, anatabasamu kwa kila mtu kana kwamba amealikwa harusini. Mimi nilikuwa juu kwenye chumba cha mitambo, vidole kwenye swichi za taa, sauti ya Prentiss ikinijia kwenye hedfoni kutoka nyuma ya jukwaa.

Onyesho huanza kwa kuwaomba watazamaji watupie neno. Brody akauliza, "Haya, jamani, tupeni neno!" Na mji wetu ulivyo, mlevi mmoja wa nyuma akabweka, "Samaki!"

Brody akageuka akamtazama Aili. Hakusita hata kidogo. Akajilaza sakafuni, akainuka akitetemeka, meno yanagongana, akasukuma ndoo ya hewa kuelekea miguuni pa Aili.

"Mke wangu! Mimi nimeshakufa huko chini, lakini usijali, chakula hiki hapa! Kaanga, mama, kaanga!"

Ukumbi ukalipuka.

Aili alitazama safu ya tatu. Kwenye vichekesho vya aina hii, anayekataa alichopewa ameua mchezo, na hakuna atakayekubali kusimama naye tena. Akainua mkono, akashika kikaango ambacho hakipo.

"Ndiyo, mume wangu," akasema, sauti inakwaruza. "Na... na leo sipiki. Leo tunaagiza piza."

Watu wakacheka. Maskini, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

"Piza?" Brody akapiga kelele. "Kwa hiyo nimekufa bure? Kaanga, mwanamke, kabla sijapoa zaidi!"

"Britta, usiguse taa," Prentiss akaninong'oneza sikioni, anahema kwa furaha. "Waache. Moto huo!"

Ndipo mama yake Aili aliposimama. Mkoba ulimdondoka, hakuuokota.

"Watoto walikuwa na njaa," akasema. Hakupaza sauti, lakini ilifika. "Hakukuwa na kitu kingine ndani. Ningefanya nini?"

Vichwa vyote vikageuka. Kwa sekunde moja nilidhani wameelewa. Halafu mtu mmoja akacheka, wakafuata kumi, ukafuata ukumbi mzima, kwa kuwa walidhani tumemweka pale makusudi, kwamba ni mwenzetu.

Na Brody? Brody alimwona. Alijua vizuri kabisa huyo ni nani. Akapokea, akaongeza chake.

"Mama mkwe huyo! Karibu, mama, karibu, shuka na chumvi!"

Nikazima taa zote. Nilitaka kumfunika yule mama, basi, sikufikiria zaidi ya hapo. Lakini kwetu, taa zikizimwa ghafla katikati ya vichekesho, maana yake mzaha umefika kileleni na watu washangilie. Gizani makofi yakapasuka kama paa linaanguka. Nilipowasha, ukumbi mzima ulikuwa umesimama, Brody anainama na kuinama, na Aili ameshashuka jukwaani, amemshika mama yake mkono, wanapanda njia ya katikati kuelekea mlangoni. Watu walikuwa wanampiga yule mama mabegani wakimwambia, "Mama, umetuua!"

"Britta!" Prentiss alikuwa anapiga mayowe sikioni mwangu. "Nani kamleta huyo? Ni wa ajabu! Muulize kama anaweza kuja Ijumaa ijayo!"

Nilimtukana tusi ambalo nyumbani kwetu halitamkwi, nikavua hedfoni, nikakimbia ngazi.

Niliwakuta ukumbi wa nje, karibu na bango la msimu lenye uso wa Brody. Mama alikuwa anafunga vifungo vya koti na kila kimoja kinaingia tundu lisilo lake. Kupitia mlango tuliwasikia wakipiga miguu sakafuni, wanawataka waigizaji warudi jukwaani.

"Aili," mama akauliza, "si nimewaambia ukweli? Mbona wanapiga makofi?"

Aili alipiga magoti mbele yake, akaanza kuvifungua vile vifungo kimoja kimoja.