Jina Ambalo Nashipae Hakulitaja

Hebu niambieni, mtu aliyemtwisha mumeo mzigo akampeleka usikokujua, leo akikuita uje kusikiliza nyimbo, utakwenda?

Nashipae wa Olasiti alijiuliza hivyo tangu jumbe alipopita nyumba kwa nyumba na tangazo lake. Ulikuwa mwaka ule treni ilipofika Moshi. Bwana shauri, yaani yule Mdachi mkubwa wa boma la Arusha, alikuwa na mgeni, bibi mmoja Mfaransa, mwimbaji wa miaka mingi, aliyewaimbia wakubwa wa Ulaya tangu hajaota mvi. Kesho alasiri ataimba uani mwa boma. Watu wote waje, ni bure.

"Bure!" Nkasiogi, kizee jirani yake, alicheka mpaka akakohoa. "Na yule farasi wa kucheza ngoma, si tulionyeshwa bure vilevile?"

Nashipae hakucheka. Siku ya farasi watu walijazana uani, lango likafungwa nyuma yao, na wanaume arobaini wakatolewa kwa mlango wa pili kwenda kubeba mizigo. Mumewe alikuwamo. Mahindi yalikwisha kuvunwa mara mbili tangu siku hiyo, na hajarudi.

Si kwamba alikaa tu. Mara tatu alimwendea mkalimani wa boma, Nathanaeli, kijana wa Kimeru aliyekulia misheni kule Nkoaranga, mwenye koti lenye vifungo vya shaba. Mara zote alimwambia, "Namtafuta baba Namelok." Namelok ni binti yao. Nathanaeli huingia ofisini, hukaa kidogo, hutoka.

"Mama Namelok, kitabu cha wapagazi hakina mtu huyo. Nipe jina lake."

"Si nimekwisha kukupa?"

Kwao Nashipae mke hamtaji mumewe kwa jina, sembuse mbele ya wanaume wa kando. Hata akiwa peke yake shambani hakuwahi kulitamka. Nathanaeli alimwona mkaidi. Naye Nashipae alimwona Nathanaeli mwongo, amekula njama na Wadachi, pengine haulizi kitu kule ndani, anasimama tu akihesabu vifungo vyake.

Basi alikwenda kwenye nyimbo, huenda akapata habari za mumewe, lakini alikwenda kama mtu anayepita penye nyoka. Alijifunga ngozi yake vizuri kiunoni asijikwae akikimbia. Akamvuta Nkasiogi wakaketi hatua tatu kutoka langoni. Macho yake hayakuwa kwa mwimbaji, yalikuwa kwenye komeo.

Bibi mwenyewe alitoka taratibu, ameshikwa mkono. Gauni jeusi, limefubaa viwikoni. Kofia yenye unyoya mmoja uliokatika. Kaburu mmoja mwenye ndevu alikaa kwenye sanduku akaanza kuvuta na kubana kinanda chake cha mikononi, na bibi akafungua kinywa. Sauti ilikwaruza mwanzoni kama jiwe la kusagia, kisha ikapata njia.

Nkasiogi alisikiliza kidogo, akasikitika. "Maskini! Anaimba peke yake. Hana hata mtu mmoja wa kumwitikia?"

"Nyamaza, yeyo," Nashipae alimnong'oneza, akimwita mama.

"Ninyamaze nini? Mtu mzima anaita, watu wamekaa kama magogo!" Na bibi alipopumua, Nkasiogi akaitikia kwa mguno mzito wa kifuani, kama wanavyoitikia wanawake kwenye sherehe zao. Wa pembeni yake wakapokea. Bwana shauri aligeuka, amekuwa mwekundu. Lakini mwimbaji alicheka, akawapungia mkono waendelee, na wimbo wa pili wakauimba pamoja, yeye juu, wao chini.

Hapo ndipo komeo lilipolia. Askari alikuwa anafunga lango.

Nashipae alikwisha kusimama. "Wanafunga!" Watu wakainuka wote, wanaume wakasukumana, mtoto akalia.

"Ni vumbi tu!" Nathanaeli alipaza sauti. "Upepo unamletea bibi vumbi kooni!"

"Na siku ile lilikuwa vumbi pia?" Nashipae alimjibu.

Mwimbaji aliuliza kwa Kidachi kuna nini, Nathanaeli akamweleza wanachoogopa. Alimtikisia bwana shauri kichwa. Kisha akatembea mwenyewe, polepole, mpaka langoni, akamsogeza askari kwa kiwiko, akalisukuma lango likafunguka. Akabaki kusimama pale pale, kwenye vumbi lake, karibu na Nashipae, akaimba wimbo wa mwisho bila kinanda.

Katika wimbo huo neno moja lilirudi na kurudi. Mariusi. Mariusi.

"Anasema nini?" Nashipae alimwuliza Nathanaeli, aliyekuwa amewafuata.

"Hilo ni jina la mumewe. Alikwenda vitani ujanani, hakurudi. Jana alimwambia bwana kwa Kidachi kwamba hulitaja kila anapoimba, asije akasahaulika."

"Mbele ya wanaume wote hawa?"

"Mbele ya yeyote, mama Namelok."

Nashipae aliyatazama yale macho ya kijivu ya mwimbaji, yenye machozi. Akamtazama Nathanaeli, na kwa mara ya kwanza akafikiri: labda huyu aliuliza kweli. Labda kitabu kweli hakimjui baba Namelok, kwa sababu mimi sikukiambia.

Wimbo uliisha. Mwimbaji alimshika Nashipae bega, akasema kitu.

"Anauliza," alisema Nathanaeli, "wewe uliyeogopa lango, unataka nini?"

Bwana shauri naye alikuwa amesogea. Nashipae alipiga hatua moja mbele.

"Simel," alisema.

Nkasiogi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nani?" Nathanaeli aliinama.

"Simel, mwana wa Lemburis, wa Olasiti. Ndiye baba Namelok. Mwambie bwana akilete kitabu hapa, kisomwe huyu bibi akisikia. Namtaka mume wangu."