Upande wa Pili wa Kalavati

...lakini mikono ni yake, kwa hilo hakuna wa kumdanganya, vidole vilevile vifupi vyenye grisi ya reli iliyokataa kutoka kuchani, vimeshika kikombe cha bati na kumnyooshea, na Ndila amesimama katikati ya chumba na sufuria ya uji mkononi, hamimini, anamtazama mumewe Mwanzia ambaye yeye mwenyewe alimfumba macho mwaka jana, hali ya hatari ilipopamba moto, alimfumba kwa vidole vyake hivi, alipomkuta amelazwa nyuma ya stesheni ya Ruiru na tundu la risasi chini ya sikio, na sasa sikio liko pale, zima, linamwasha, analikuna, "Ndila, uji utapoa," anasema, kama mtu asiyewahi kufa, anapuliza mvuke unaompanda usoni, maiti haipulizi uji, maiti haikuni sikio... usipige kelele, anajiambia, ukipiga kelele majirani watakuja, na majirani wa hapa ni akina nani?

Alikuwa anakwenda kutafuta kuni, basi, asubuhi kama asubuhi zote, ukungu umeshika mashamba ya kahawa toka Mugutha mpaka mtoni, amemwacha binti yake Kamene kwa Syombua, jirani yao kule laini, vile vibanda vya safu vya wachuma kahawa, mtoto anakula kiazi, hata hakuinua kichwa kumuaga mama yake, Ndila akainama akaingia kwenye kalavati inayopita chini ya reli, njia yake ya mkato, na humo gizani akapishana na mwanamke, mwanamke mwenye haraka, bega likagusa bega, "Nisamehe, mama," yule akasema na kugeuza uso, na sauti hiyo... aliijua na hakuijua, mtu haitambui sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa kingine... akatokea upande wa pili, ukungu uleule, reli ileile, nyumba zilezile za wafanyakazi wa reli alikofukuzwa mara tu baada ya mazishi, na mlangoni mwa nyumba iliyokuwa yao mtu akaita, "Ndila! Unapita mlango wako?" na miguu ikamwingiza ndani kabla akili haijafika, mikono ikainua sufuria mekoni kama ilivyozoea.

"Leo una nini?" Mwanzia anauliza. "Na hiyo nguo umeitoa wapi? Umetoka hapa na kitambaa chekundu kichwani."

Chekundu... yule wa kwenye kalavati alikuwa na kitambaa chekundu... anatafuta neno lolote, neno la kawaida la kumtuliza huyu mtu, na anasikia mdomo wake ukisema, "Nimechoka tu, Baba Kamene," na kikombe kinashuka mpaka gotini.

"Usiniite hivyo." Polepole, bila hasira. "Si tulikubaliana? Ukiniita hivyo namsikia mgongoni kwangu, vile alikuwa moto, halafu vile alipoa, hata Thika hatujafika."

Mgongoni... ile asubuhi ya surua, Ndila anaikumbuka, Kamene anaunguza kama jiko, Mwanzia ameshafunga shuka tayari kumbeba mpaka hospitali ya Thika, na kabla jua halijatoka homa ikashuka, mtoto akaomba maji, Mwanzia akacheka, akafungua shuka, akachukua nyundo yake akaenda kazini, na huko askari wakawazunguka, wakawapitisha mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho, na zamu ilipomfikia yeye gunia likaitikia kwa kichwa, ndiye huyu... kwa hivyo hapa homa haikushuka. Hapa alimbeba mtoto, hakuwa kwenye mstari, gunia halikumwona. Asubuhi ni moja, ikapasuka njia mbili kama reli zinavyoachana pale stesheni, njia moja ikaenda na mtoto, nyingine ikaenda na baba, na dunia zote mbili zinaendelea kutembea, kila moja na maiti wake, kila moja na Ndila wake, na katikati yao ni kalavati tu.

"Tangu tumzike unashinda kule kwenye kalavati," Mwanzia anasema, "nikikuuliza unaniambia unamsikia akicheka upande wa pili. Nimenyamaza. Lakini leo ukinitazama hivyo, naogopa."

Akicheka upande wa pili... basi hakupotea njia, yule, alikuwa anavizia, alipopata pa kupita akapita, na sasa hivi anatembea katikati ya kahawa, anafika laini, Syombua anamwambia mbona umerudi mapema, kuni ziko wapi, naye anajibu kwa sauti ya Ndila, anampokea Kamene kwa mikono ya Ndila, na Kamene anamnusa shingoni na kutulia, harufu ni ya mama, Mungu wangu, mtoto hatalia, hilo ndilo linalomtoa jasho, kwamba mtoto hatalia... kimbia, sasa hivi, kimbia, na miguu haikimbii, tangu alipojua haijasogea hata kidogo kuelekea mlangoni, macho yake yamebaki kwenye sikio lile zima, anataka kuliwekea kidole, anataka kulala huku analisikia likipumua karibu naye, masikio hayapumui, anajua, na hapo hofu inageuka na kumwingia kwa upande mwingine, kwa sababu anamwelewa yule mwanamke, si mwizi, ni yeye mwenyewe, na anachokifanya yule kule ndicho anachokifanya yeye hapa. Akikaa, Kamene ana mama, Mwanzia ana mke, hakuna mtu atakayejua, ila yeye atakuwa mwanamke wa kuketi kando ya kalavati akisikiliza kicheko. Akirudi peke yake, na yule akakataa kumwacha mtoto, huyu atabaki hana mtoto wala mke, atasimama mlangoni akiita jina mpaka majirani wamwonee haya. Na akienda naye... kule walimzika, kule kuna gunia na askari na risasi nyingine, na labda kalavati haipitishi wawili, labda imekwisha kuziba, labda watatokea dunia ya tatu ambako Kamene na baba yake wote wawili wako kaburini...

"Sema kitu basi, Ndila," anasema, na kikombe bado kitupu, na ukungu bado umesimama mlangoni.

Sufuria inamwinamia Ndila mkononi, uji unamwagika sakafuni, haoni, hasikii moto wake mguuni.

"Vaa viatu," Ndila anamwambia. "Na kofia. Ishushe mpaka machoni, kule tunakokwenda watu wanakujua."