Supu Isiyokuwa na Mzaha

Katika nyumba yetu, chakula nilichopika mimi hakiliwi mpaka nimekila mwenyewe mbele ya mashahidi. Sheria hiyo ilipitishwa sebuleni baada ya tukio la maandazi yaliyojazwa pamba, ambapo Shangazi aling'ata kwa imani, na alipovuta mkono, meno yake ya bandia yakaondoka pamoja na andazi. Tangu siku hiyo naitwa Balaa. Hata Mama, aliyenipa jina lingine zuri tu, anajifanya halikumbuki.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi nilipotangaza kwamba mimi ndiye nitakayempikia Dada supu, wote walinitazama kana kwamba nimeleta taarifa ya msiba.

"Supu ya nini?" Shangazi akauliza, kiganja kikiwa tayari mdomoni kulinda mali zake.

"Ya kuku, Shangazi."

"Kuku gani?"

"Aliyekufa."

"Mmeona? Ameshaanza!"

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Dada alikuwa amejifungua wiki iliyopita, akaja kwetu na mumewe ili apate wa kumsaidia. Tangu atoke hospitali alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na mkate alioudonoa kama ndege. Mtoto, ambaye tulimwita Mgeni kwa sababu baba yake alikuwa bado anachagua jina, alinyonya kidogo, akaachia, akapiga kelele za kudai haki. Muuguzi aliyempima Jumamosi alizungumza kwa upole uliotutisha sote: "Huyu mama amekauka. Asipokula na kunywa vizuri leo na kesho, Jumatatu anarudi wodini."

Dada aliposikia neno hilo alilia. Na Dada huwa halii. Dada ndiye aliyenifundisha kila utundu ninaoujua. Yale ya pamba yalikuwa marudio tu ya kazi zake za ujanani. Sasa alikuwa amelala akitazama ukuta, hata kicheko kimemkauka.

Si kwamba watu hawakujaribu. Mama alileta uji. Shangazi alileta viazi vya kupondwa. Shemeji, ambaye ni fundi friji na angebaki kwenye friji ingekuwa heri, alikaanga maini mpaka yakawa soli za viatu. Kisha wote wakasimama kuzunguka kitanda wakiimba wimbo mmoja: kula, mama, jitahidi, kijiko kimoja tu. Chakula kikishasimamiwa hivyo si chakula tena, ni mtihani.

Ujuzi wangu wa jikoni niliupata kihalali. Shule yetu ni ya bweni, na mkosaji hupelekwa kumsaidia mpishi mkuu, mama mmoja mnene tuliyemwita Kamanda. Mimi nilikosa kwa bidii. Wenzangu walipokuwa maabara wakichanganya asidi, mimi nilikuwa naengua povu. "Supu haina haraka," Kamanda alikuwa akisema. "Ukiichemsha kwa fujo, utakunywa fujo."

Basi nikamwosha kuku, mzee aliyeshiba miaka, nikamweka kwenye maji baridi na moto mdogo. Shangazi akaburuta kiti akaketi mlangoni kama askari wa gereza.

"Mifuko nje," akaamuru.

Nikaitoa. Kulikuwa na kifuniko cha kalamu na pipi moja. Pipi ilichukuliwa kama kielelezo, na kielelezo kikamumunywa papo hapo.

Povu la kijivu lilipopanda nililiengua kwa kijiko, tena na tena, mpaka maji yakatakata. Nikatia vitunguu, kitunguu saumu na tangawizi niliyoiponda. Nikafunika, nikaacha sufuria inong'one. Nyama ilipoanza kuachana na mfupa nikaongeza karoti na viazi. Chumvi ikaja mwisho, kwa sababu Kamanda anasema chumvi ni kama mgeni mwenye maneno mengi, usimkaribishe mapema. Mafuta yaliyoelea nikayapunguza, nikakamulia ndimu.

Harufu ikatoka jikoni bila kuaga, ikapita koridoni, ikaingia chumbani kwa Dada, ambako mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa.

"Haya, mshtakiwa aonje," Shangazi akasema.

Nikanywa kikombe kizima huku wakinitazama macho, midomo na tumbo.

"Tungoje," Shemeji akashauri. "Mambo ya huyu hupanda taratibu."

Tukangoja. Sikufa. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo Shangazi alitoa meno yake kwanza, akayafunga kwenye leso, akayatia kifuani, ndipo akanyosha kikombe. Akanywa. Akafumba macho.

"Hmm. Bado sijaelewa. Niongeze."

"Mimi kama mume wa mzazi nina wajibu," Shemeji akasema, akajipakulia.

"Shemeji, hilo bawa nalo ni la uchunguzi?"

"Uchunguzi hauna nusu, shemeji yangu."

Hapo ndipo nilipotupa jicho koridoni, nikaona kichwa cha Dada kimeinuka kutoka kwenye mto. Hakikuwa kikitazama ukuta. Kilikuwa kikihesabu vikombe.

Mama naye alikuwa ameshika bakuli. "Ngoja nimpelekee mwenzenu."

Nikamzuia. "Usimsumbue, Mama," nikasema kwa sauti ya kwenye mkutano wa hadhara. "Hana njaa, amesema mwenyewe. Kaa ule."

Mama akanikazia macho, yale ya kufungua mkanda. Nikamkonyeza. Akageuka polepole akatazama chumbani, kisha, Mungu ambariki, akaketi.

"Basi nipe mimi," akapaza sauti. "Jamani, supu tamu hii! Hivi imebaki?"

"Iko chini kabisa, Mama. Shangazi, chukua paja, lisilale."

Kitanda kikalia. Nyayo zikaja. Dada akasimama mlangoni, nywele zimelala upande mmoja, shuka begani, Mgeni mkononi.

"Nyie watu mna haya kweli?" akasema. "Nani kazaa humu ndani?"

Shemeji, kwa mshtuko, bawa likiwa mdomoni, akanyosha mkono.

Dada akamtazama. Bega likaanza kumtikisika. Halafu akacheka, kicheko chake cha zamani cha kuvunja vyombo, mpaka akajishika tumbo na kulalamika kwamba tunamuumiza. Akamsukuma Shangazi atoke kitini, akaketi. "Leteni hiyo sufuria."

Nilikuwa nimemtengea bakuli chini ya mfuniko: kidari, ini na mchuzi mzito. Akalichungulia.

"Balaa. Umetia nini?"

"Kuku."

"Na nini?"

"Dada, ningekutilia kitu wewe, mwalimu wangu?"

Akanywa. Jasho likamtoka puani. Akatafuna kidari, akafuta bakuli kwa kidole, akalinyosha lijazwe tena. Hakuna aliyemwambia ale. Sote tulitazama dari kwa adabu. Katikati ya bakuli la pili Mgeni akalalamika, Dada akampa ziwa, na wakaendelea hivyo, mmoja akinywa juu na mwingine chini. Usiku alidai kiporo, na alfajiri akadai tena.

Jumatatu muuguzi alimkagua Dada ulimi, akampima presha, akamsikiliza mtoto akimeza kwa kelele.

"Wodini hakuna haja," akasema. "Endeleeni hivihivi. Mlimpa nini?"

Vidole vyote vikanielekea, kwa mara ya kwanza bila mashtaka.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," Shangazi akasema, akinishika bega. "Sista, nyama ile ilivyoiva, paja zima nililimaliza meno yakiwa kwenye leso!"

Sheria ya mashahidi ikafutwa sebuleni jioni ile, kwa kauli moja. Dada alipendekeza hoja, Mgeni akaunga mkono kwa kucheua.