Kaboni ya Sita

Kofi lilitua shavuni kwa Gerwin Tolksdorf chaki ingali mkononi mwake. Lilikuwa kofi la mtu aliyezoea kupiga, na miwani ya Gerwin ikaruka hadi chini ya meza ya mizani.

"Kijana mjinga," akasema Botho von Reutern, taratibu, ili maabara nzima isikie.

Katika chuo kile maneno hayo mawili hayamezwi. Unaweza kumwita mwenzako mlevi, mwongo, hata mbwa, mkacheka na kuagiza bia nyingine. Lakini mwite kijana mjinga mbele za watu, na kabla jua halijazama atakuwa amekutumia mtu wa kukuita kwenye panga. Asipokuita, kesho hakuna atakayemsalimia wala kumwazima hata kizibo cha chupa.

Chanzo kilikuwa ubaoni, Ijumaa ile mchana. Botho, mtoto wa ukoo wenye mashamba hadi macho yachoke, alikuwa amechora mnyororo wa kaboni tano ulionyooka kama rula, na kwenye kaboni ya pili akaning'iniza tawi la kaboni mbili. Ethili-pentani, akatangaza, kitu kipya kabisa. Jumatatu Profesa Hünecke angerudi kutoka Berlin na kuipeleka makala ya Botho kwa wachapaji.

Gerwin aliutazama mchoro ule. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wataalamu wakutane Geneva na kukubaliana majina, na kanuni iko wazi hata kwa mlevi: mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaobeba jina, hata ukipinda kona, na kinachobaki pembeni ndicho tawi. Akaenda ubaoni, akaanza kuhesabu kutoka chini, kwenye ncha ya lile lililoitwa tawi. Moja, mbili, akapinda kona, tatu, nne, tano, sita. Pembeni ikabaki kaboni moja tu. Kumbe ni methili-heksani, ile ile ambayo Gerwin alikuwa ameihangaikia miaka miwili kwa sodiamu, akaunguza nyusi mara mbili, na ndiyo ilikuwa tasnifu yake yote ya udaktari.

Angeishia hapo pengine angepona. Lakini alikuwa amemvumilia Botho miaka miwili, na uvumilivu wake ulikuwa umemfika kooni.

"Bwana von Reutern anahesabu kama farasi wa jembe," akasema. "Akifika kwenye kona, anasimama."

Watu wakaangua kicheko, na kofi likaja.

"Umekwisha, ndugu yangu," alisema Ubbo Harms walipokuwa ngazini. Ubbo alikuwa mwenzake wa meza, mrefu kama mlingoti, na ndiye angesimama upande wake. "Yule ameshapigana mara kumi na moja. Wewe umewahi kushika nini zaidi ya koleo?"

"Visu vya kukwangulia ngozi, kwa baba."

"Basi mwombe Botho alale chali umkwangue! Gerwin, sikiliza. Rudisha maneno. Sema ulikosea kuhesabu, tukanywe."

"Nikirudisha, nimerudisha milele."

Na kweli. Neno lililorudishwa kwa kukwepa panga halitamkwi tena, si ubaoni, si kwenye makala, si kwa kumnong'oneza Profesa. Hünecke mwenyewe, mwenye makovu manne shavuni, aliishika desturi hiyo kuliko sala zake. Gerwin akisema tano, itabaki tano. Kazi yake ingetoka kwenye jarida kwa jina la uongo na kwa sifa ya mtu mwingine, naye angerudi kwa baba yake kwenye mapipa ya ngozi za ng'ombe.

"Mpelekee salamu zangu," akasema. "Nitapigana."

Jumapili asubuhi, kengele zikiita watu kanisani, walisimama ghalani nyuma ya kilabu cha bia, vifua wazi, shingo zimezungushiwa vitambaa vya hariri. Usoni hakuna kitu. Mwamuzi alikuwa Pross, mwanafunzi mkongwe wa sheria, mwenye daftari la kuandikia kila pigo. Daktari alikuwa ameshachovya sindano zake kwenye spiriti.

"Anzeni!"

Gerwin hakuuona upanga wa kwanza. Aliusikia ukigota fuvu, kisha joto likamshukia usoni na macho yote mawili yakajaa damu. Daktari akamkalisha kwenye ndoo, akamshona kichwa nyuzi saba bila dawa ya ganzi, akivuta kama anayefunga gunia.

"Unarudisha maneno?" Pross akauliza, kama desturi inavyotaka.

"Ni sita."

Raundi ya pili ilimpasua shavu. Akatema jino pamoja na kipande cha nyama, akakitazama pale kwenye majani makavu, na kwa mara ya kwanza akaogopa kufa. Botho alikuwa hata jasho halijamtoka.

"Sita zitakuua, Tolksdorf," akasema. "Tamka tu. Hata mtoto wa mkwangua ngozi anaweza kuhesabu mpaka tano."

Watu wake wakacheka. Ubbo akamshika Gerwin bega. "Tafadhali," akasema. "Tafadhali, mdogo wangu."

"Unarudisha maneno?"

"Ni sita," akajibu Gerwin, na damu ikatoka pamoja na neno.

Mara ya tatu upanga ulimwingia begani hadi mfupani ukanasa. Hapo Gerwin akasahau yote ambayo Ubbo alikuwa amejaribu kumfundisha jana yake. Upanga wa Botho ukiwa bado umenasa kwake, akasogea mbele badala ya kurudi nyuma, akakata kwa nguvu zote alizozipata kwenye mapipa ya baba yake. Mkono wa Botho ukafunguka kuanzia kiwiko hadi kifundo. Akakata tena, mbavuni. Tena, pajani. Botho akapiga goti, upanga wake ukaanguka, uso wake umekuwa mweupe kama chaki.

"Inatosha!" akapiga kelele. "Ni sita! Nilijua tangu Ijumaa usiku kwamba ni sita!"

"Simama!" akanguruma Pross.

Gerwin alisikia yote mawili. Alijua tangu Ijumaa! Basi kichwa chake, shavu lake, jino lake, vyote vilipasuliwa na mtu aliyeujua ukweli akaulalia. Upanga ukashuka usoni kwa Botho, ukalipasua jicho la kushoto na mfupa ulio chini yake.

Kelele aliyotoa Botho haikufanana na ya mtu. Watu wanne walimwangukia Gerwin, na ikawabidi kumkanyaga mkono ndipo akauachia upanga.

Walipokwisha kumlaza Botho mezani, Pross alifungua daftari. Sheria aliijua vizuri. Mpiganaji wa haki hufungwa ngomeni miezi michache, akapelekewa vitabu na mvinyo. Anayepiga baada ya neno la kusimama si mpiganaji tena. Ni mhalifu kama mwizi wa njiani, anakwenda jela ya wezi na chuo kinamfuta.

"Pigo lilikuwa kabla ya neno," akasema Ubbo haraka. Msaidizi wa Botho naye akaitikia kwa kichwa, maana kesi ya namna ile ingewaburuza wote mahakamani.

"Nitaandika kabla," akasema Pross. "Lakini lazima wao wenyewe wakubali. Von Reutern?"

Botho alizungumza kutoka chini ya taulo lililolowa. "Mimi leo nimesema kweli, na imenigharimu jicho. Muulize yeye."

"Sema kabla," Ubbo akanong'ona. "Neno moja tu, Gerwin, na mwezi ujao wewe ni daktari."

Hasira hasara, husema watu, na mwenye hasira huielewa akishalipa. Gerwin alitazama beseni lililojaa damu ya Botho, miguuni kwa daktari. Alitaka sana kusema kabla. Alilitaka neno hilo hadi meno yaliyobaki yakamuuma.

"Baada," akasema. "Alikubali, ukasema simama, nikasikia yote, nikapiga."

Pross akaandika.

Makala ilichapishwa majira ya kuchipua. Jina lilikuwa sahihi, methili-heksani, mnyororo wa kaboni sita. Chini yake lilikuwepo jina la von Reutern peke yake, kwa kuwa chuo kile hakikuwa na desturi ya kuchapisha jina la mtu aliyeko jela.