Siku Shangazi Aliponyooka

Pua ya gari ilisimama mbele ya vyungu vya maua, karibu mno, hata jani moja pana likalala juu ya boneti. Muuza miche alitoka na ndoo ya kumwagilia mkononi, akatutazama sote watatu: mama kwenye usukani, baba kando yake, mimi kiti cha nyuma. Hakututukana. Aliuliza tu, kwa upole wa mtu aliyeona mengi barabarani, kama tulikuja kununua waridi.

Tulikuwa tumevuka barabara nzima, kutoka upande wetu wa kushoto hadi kwake, upande wa kulia. Bahati yetu asubuhi ile watu walikuwa bado wanakunywa chai majumbani, na barabara ilikuwa tupu.

"Umempindua," mama alisema, macho mbele, mikono imeganda kwenye usukani. "Jana alikuwa anavuta kushoto, leo anavuta kulia. Fundi, umempindua Shangazi."

Nikajua mambo yameharibika. Mama akiwa na furaha alimwita baba "mume wangu". "Fundi" lilikuwa jina la wateja, na la siku za hasira.

Shangazi alikuwa gari letu. Rangi yake ilikuwa kijani cha mboga zilizopikwa kupita kiasi, na jina alilipata kwa sababu tulimrithi kutoka kwa dada yake baba, mwanamke ambaye akishaamua jambo humrudishi nyuma hata kwa winchi. Gari nalo lilikuwa vivyo hivyo. Ukiliachia kidogo tu, linakwenda kushoto.

Lilianza siku niliyozaliwa. Ulikuwa mchana wa mvua kubwa, uchungu ukamshika mama ghafla, baba akamkimbiza hospitali, na kwenye kona ya mwisho gurudumu la mbele la kushoto likatumbukia mtaroni. Baba alilitoa kwa gia namba moja na dua. Mimi nilizaliwa salama, nikilia kwa sauti ambayo baba anadai ilifanana na mkanda wa feni uliolegea. Shangazi ndiye aliyebaki na kilema.

Na baba, mwenye gereji, mtu aliyenyoosha magari ya mji mzima, hakulinyoosha la kwake. Mganga hajigangi. Kila mama alipomkumbusha alijibu, "Mwache. Anakumbuka njia. Hospitali iko kushoto." Alilisema kama mzaha, lakini nilipokua nikaanza kuona kwamba kuna kitu alikuwa anakihifadhi pale. Kuendesha hakukumsumbua. Mkono wake ulishazoea kumrudisha Shangazi kulia, kidogo kidogo, bila kukoma, kama mtu anayebembeleza mtoto huku anaongea na wageni.

Mwaka nilioanza kazi yangu ya kwanza, kwenye kaunta ya duka la dawa, ndio mwaka mama alioamua kuendesha. Alikuwa msaidizi kwenye basi dogo la shule ya chekechea: anawapandisha watoto, anawafunga mikanda, anawafuta kamasi. Dereva wao alikuwa anastaafu. Mwalimu mkuu akamwita mama, akamwambia, "Watoto wanakusikia wewe kuliko huyo dereva. Ukipata leseni kabla shule haijafunguliwa, basi hili utaliendesha wewe. Usipopata, itabidi nichukue mtu wa nje."

Sijawahi kumwona mama akitaka kitu namna ile. Nilimkuta jikoni ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili, anakata kona kati ya jiko na kabati, mdomo unatoa mlio wa injini. Aliponiona hakuona haya. Alinipigia honi nimpishe.

Baba alimfundisha kwa Shangazi, kila jioni alipofunga gereji, na mama akajifunza vizuri. Akajifunza pia kumrudisha kulia, bila hata kuambiwa, kwani hilo ndilo gari pekee alilowahi kulishika.

Mtihani wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa wakaguzi, ambako kila mtu huja na gari lake na ndugu zake hubaki nje ya uzio wa waya. Mama alipanda mwinuko, alirudi nyuma, aliegesha. Ikabaki njia nyembamba katikati ya safu mbili za koni. Mkaguzi, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, akamwambia alegeze mikono, asiunyonge usukani. Mama ni mtu wa kutii. Akalegeza, na Shangazi akafagia safu nzima ya kushoto, koni baada ya koni, mpaka ya mwisho ikaingia chini ya bampa.

"Mama, kuendesha unajua," mkaguzi alisema akishuka. "Tatizo hili gari lako linavuta. Fundi wako ni nani?"

Baba alikuwa amesimama pale uzioni, amevaa ovaroli iliyoandikwa jina la gereji yake mgongoni kwa herufi kubwa. Aligeuka taratibu, akaegemeza mgongo kwenye waya.

Njiani kurudi nyumbani hakuna aliyeitaja hospitali.

Nafasi ya mtihani kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa imebaki moja tu. Alasiri ya kuamkia siku hiyo baba aliwafungia wateja mlango, akamwingiza Shangazi peke yake. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikamtazama akilikagua gari lake kana kwamba ameletewa na mtu asiyemjua. Alipima upepo wa matairi, ukawa sawa. Akabadilisha matairi ya mbele, la kushoto akalipeleka kulia na la kulia kushoto, akalizungusha gari uani: bado linavuta kushoto, kwa hiyo si tairi. Akashuka akagusa magurudumu kwa mgongo wa mkono, maana breki iliyong'ang'ania huchemsha gurudumu lake. Yote yalikuwa baridi. Mwishowe akapiga jeki, akaingia chini ya gari.

Alitoka na chuma kinachoshikilia gurudumu la kushoto. Kilikuwa kimepinda kidogo sana, usingejua mpaka ukilaze sakafuni. Alikifuta grisi vizuri, kuliko kinavyostahili chuma cha kutupwa, kisha hakukitupa. Akakiweka kwenye buti. Akafunga kipya, akavuta uzi pembeni mwa magurudumu, akayapanga mpaka uzi ukagusa pale ulipotakiwa kugusa.

Sheria yake ya kwanza pale gereji ilikuwa kwamba gari halimtoki fundi kabla fundi hajalijaribu barabarani. Siku ile aliivunja. "Hii ni zawadi," aliniambia, akitundika funguo ukutani. "Mtu hatoi gauni la zawadi baada ya kulivaa yeye. Mama yako ndiye atakayeliendesha wa kwanza." Nilimpenda sana baba wakati ule, na grisi yake puani.

Ndivyo tulivyofika kwa muuza miche.

"Shuka," baba alimwambia mama. "Ni woga wa mtihani tu. Ngoja nikuonyeshe."

Alikaa, akarekebisha kioo, akatuombea radhi kwa muuza miche, akarudi upande wetu wa barabara na kuongeza mwendo. Shangazi akaanza kwenda kulia. Haikuwa sana, lakini mstari mweupe wa katikati ulitusogelea, ukaondoka baba alipomsahihisha, ukatusogelea tena.

Akaegesha pembeni. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la shughuli, na nalo akaingia chini ya gari. Alikagua nati moja moja. Alipima upepo. Alibadilisha tena matairi, akajaribu, na Shangazi akaenda kulia. Mama alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani, anatazama barabara inayokwenda kwa wakaguzi.

"Nimekosea vipimo," baba alisema mwishowe, sauti imepungua. "Na sina muda wa kutafuta nilipokosea. Twende pale mbele penye uwanja tambarare, nikurudishie chuma cha zamani. Angalau hicho umekizoea."

"Nikazifagie koni tena?"

Baba alifungua buti, akakitoa chuma, akakaa nacho kiti cha abiria, kimelala juu ya suruali yake iliyopigwa pasi. Mama akashika usukani, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango ule, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana.

Barabara ya kwenda uwanjani ilinyooka kando ya ukuta mrefu wa kiwanda. Tulikwenda polepole. Kwenye kioo nilimwona mama machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nikaumia, kwa kuwa nilikumbuka ule mfuniko wa sufuria. Katikati ya ukuta akashindwa kuona mbele. Aliachia usukani, mikono yote miwili, akachukua upindo wa mtandio wake akajifuta macho.

Mimi nilikuwa nimeukazia macho ukuta. Haukutukaribia wala haukutuacha.

"Mama," nikasema. "Hujashika."

"Nini?"

"Usukani. Hujaushika, na tunakwenda."

Aliurukia kwa hofu, na Shangazi akaenda kulia. Akaachia tena, gari likanyooka. Akashika, likaenda kulia. Akaachia, na ukuta ukatembea kando yetu sawasawa, tofali kwa tofali. Baba alikuwa ameinama mbele. Hakuwa anatazama barabara. Alitazama mikono ya mama, halafu akainua ya kwake akaitazama.

"Gari ni zima," mama alisema taratibu. "Wagonjwa ni sisi wawili."

"Siyo..."

"Ni sisi. Miaka yote tunamrudisha kulia. Sasa amenyooka, na bado tunamrudisha."

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka chuma kikamdondokea mguuni, akapiga yowe la maumivu, akaendelea kucheka. Magari ya wateja aliyajaribu kila siku na mkono wake haukumdanganya hata mara moja. Lakini akikaa ndani ya Shangazi mkono ulifanya ulichozoea, wala haukumwomba ruhusa. Mama naye akashikwa na kicheko, na machozi aliyokuwa ameyafuta yakarudi kwa kazi nyingine.

Muda uliobaki tuliutumia hapo hapo, tukienda na kurudi kando ya ukuta.

"Usimsaidie," baba alikuwa anamwambia. "Hahitaji msaada tena. Mshike kama yai."

"Na wewe mdomo wako ushike kama yai," mama akamjibu, nikajua mambo yametengemaa.

Kwenye uwanja wa wakaguzi nilisimama na baba uzioni. Hakuwa na ovaroli siku hiyo, ila shati lake jeupe lilikuwa limechora ramani ya gari zima. Mama alipanda mwinuko, alirudi nyuma, aliegesha. Alipofika kwenye koni niliona vidole vyake juu ya usukani, vyepesi, kama vya mtu anayesikiliza hodi. Shangazi akaingia katikati ya zile safu mbili. Karibu na mwisho, mkono wa mama ulikumbuka mambo ya zamani kidogo, bampa ikaigusa koni moja ya kulia. Koni ikatikisika, ikafikiria, ikabaki imesimama.

Mkaguzi alishuka, akalizunguka gari, akalipiga tairi teke la heshima.

"Mama, umebadilisha gari?"

"Hapana," mama alisema. "Nimebadilisha fundi."

Pale uzioni hakuna aliyecheka kwa sauti kumshinda baba, na watu waliokuwa kando yetu hawakuelewa yamemhusu nini.

Mama aliendesha basi la chekechea mpaka watoto aliowafuta kamasi wakamletea watoto wao. Mimi niliacha kaunta ya dawa, na gereji sasa naiendesha mimi. Chuma kile kinaning'inia juu ya meza yangu ya kazi, na wateja huniuliza kama kinauzwa. Mtu akiniletea gari linalovuta upande, napima upepo, nabadilisha matairi, nagusa magurudumu, yote kama nilivyoona. Lakini kabla ya hayo tunakwenda naye kwenye njia tambarare isiyo na watu, namwomba aachie usukani kidogo. Wengi hukataa. Huwa naona kwamba wanaogopa kujua.

Shangazi bado yupo, ingawa nusu ya vipuri vyake ni vya magari ya ukoo mwingine. Siku hizi macho ya baba yamefifia, na mama ndiye anayempeleka kliniki. Juzi niliwasindikiza, nimekaa kiti changu kile kile cha nyuma. Tulipofika kando ya ukuta wa kiwanda mama aliachia usukani kidogo, kama anavyofanya kila mara, na Shangazi akaenda moja kwa moja. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa umelala juu ya goti lake. Ulikuwa unavuta kidogo, upande wa kulia, mwenyewe hana habari.

Mama aliuona. Aliushika usukani tena.

"Hospitali iko kushoto," baba alisema tulipoikaribia kona.

"Najua njia, mume wangu," mama akajibu, akakata kona.