Akiba ya Masikio ya Verna

Uvumi wenyewe ulimkuta Verna Dombrowski mezani, Ijumaa, katikati ya samaki wa kukaanga na saladi ya kabichi: kwamba ukitimiza miaka sitini na mitano, ile akiba ya matibabu uliyokuwa ukikatwa kazini inarudi kwa wakubwa. Unaamka siku yako ya kuzaliwa, akaunti imekauka.

"Nani kasema?" aliuliza.

"Watu," alisema Arlene Zastrow, shoga yake tangu usichana, akipandisha sauti kama kawaida ya kuongea na Verna. "Na wewe si unatimiza mwezi ujao? Mimi nakuonya tu mwenzangu. Usije ukasema Arlene alijua akanyamaza."

Uvumi ni kama harufu ya kitunguu mkononi, unanawa na bado ipo. Verna alilala nao, akaamka nao, akaenda nao kiwandani. Kiwanda chao cha jibini ndicho kilichomla masikio, kidogo kidogo, kama panya na gunia, kwa zile mashine za kufungia alizosimama kando yake tangu binti yake wa pekee, Tessa, hajazaliwa. Kwa hiyo akiba ile ilikuwa na kazi yake. Ilikuwa ya vifaa vya kusikia, ambavyo bima ya serikali ya wazee hailipii. Mwezi wa sita Tessa angeolewa, na Tessa huongea kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha paka. Verna alitaka kukisikia kile kiapo mwenyewe, si kuja kusimuliwa kwenye keki.

Basi akaona heri kuila ile akiba kabla haijaliwa. Akaingia duka la dawa na kadi ya ile akaunti, akazoa plasta, mikanda ya kupasha mgongo, miwani ya kusomea na mashine ya kupimia presha. Halafu akarudi akachukua mashine nyingine, isije ya kwanza ikakosa mwenzake.

Mumewe Norbert alitazama mifuko. "Tunafungua zahanati?"

"Nyamaza. Tunaokoa mali."

"Sawa, daktari. Huo mkanda nipe mimi."

Wiki iliyofuata, maktaba ya mji iliandaa kikao cha wanaokaribia kustaafu, kahawa na donati bure. Kijana wa bima alieleza mpango wa akiba ya matibabu kwa wazee: unajilipia mwenyewe mpaka ufike kiwango kikubwa, kisha bima inabeba, na kila mwaka mpango wenyewe unakuwekea fedha kidogo kwenye akaunti ya matibabu. Verna alisikia "akaunti" na "matibabu", akasikia na "fedha". Yaliyobaki aliyaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo penye shimo. Watu wa Wisconsin, jimbo lao hilo la Marekani, wana adabu moja mbaya, hawapendi kusumbua. Mtu hajasikia, anatabasamu. Hajaelewa, anatingisha kichwa, anasema asante, anamsifia mwenzake donati. Verna alitoka pale na hesabu yake mwenyewe: atoe akiba yote ya kazini kabla ya siku ya kuzaliwa, aimimine kwenye mpango mpya, wakubwa wakija wakute chombo kitupu.

Jumamosi Tessa alikuja na vipande vya keki za kuonja, akamkuta mama yake ameshika simu, miwani mitatu kichwani, anasubiri kuunganishwa na benki.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahamisha masikio yangu."

Tessa alikata ile simu. Alipoelezwa, alikaa chini, akasukuma keki kando. "Nani alikuambia inarudi kwa wakubwa?"

"Arlene."

Arlene alipopigiwa alisema yeye si mchawi, aliambiwa na Duane, yule anayekodisha viatu kwenye ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa tufe. Mama na binti wakavaa makoti, wakaenda.

"Ni kweli tupu," alisema Duane. "Shemeji yangu imemtokea. Disemba imepita hajaitumia, ikaliwa yote."

"Alikuwa anatimiza sitini na mitano?" Tessa aliuliza.

"Nani, yule? Ana arobaini."

"Sasa ilikuwa akaunti gani, Duane?"

"Ile ya kutumia mwaka kwa mwaka. Kwani ziko ngapi?"

Jumatatu walikwenda kwa mshauri wa wazee wa kaunti, mama mmoja mpole aliyeongea akitazama karatasi zake. Verna akaanza kutingisha kichwa. Tessa akamkanyaga mguu chini ya meza.

Verna akauvuta mguu wake. Akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mgeni maisha yake yote: "Sikusikia. Rudia, tafadhali."

Mshauri akainua uso, akarudia. Akiba ya kazini ni yake mpaka kaburini. Kinachokoma ni kuichangia tu, bima ya wazee ikishaanza. Haimiminwi kwenye mpango mpya, maana ule unapokea fedha unazowekewa na mpango wenyewe, basi. Na angeitoa ile Jumamosi, kodi ingeimega na faini juu yake.

"Faini?"

"Kubwa. Ungebaki na sikio moja."

Verna alicheka mpaka akatoa kitambaa. Alirudisha dukani vyote ambavyo havijafunguliwa. Mkanda mmoja haukurudi, Norbert alikuwa ameuvaa.

Mwezi wa sita, benchi la mbele, vifaa vipya masikioni, alisikia kiapo neno kwa neno. Alisikia pia Norbert akinong'ona kwamba ana njaa, na Arlene, benchi la nyuma, akisema gauni limebana. Arlene naye anatimiza miaka yake vuli hii. Kwa hiyo Verna hakusubiri, alimbandikia haya kwenye friji:

Usiamini habari ya akaunti ya mtu kabla hujajua ni akaunti gani.

Usitoe akiba ya kazini kwa kitu kisicho cha matibabu, hasa kabla ya miaka sitini na mitano.

Usiendelee kuichangia akiba hiyo, bima ya wazee ikishaanza. Ukibaki kazini ukachelewa kujiandikisha, acha kuchangia miezi sita kabla, kwa sababu bima huhesabiwa kuwa ilianza hadi miezi sita nyuma.

Usijaribu kuhamishia akiba ya kazini kwenye mpango wa akiba wa wazee.

Usiingie mpango huo bila kuuliza nani atalipia vidonge. Wenyewe haulipii, na kuutoka katikati ya mwaka ni shida.

Usinunue mashine mbili za presha.

Usitingishe kichwa kama hujasikia.