Mkono wa Waziri na Wimbo wa Baibín

Barua ya tatu ya kukataliwa nyumba ilifika Jumanne asubuhi, na afisa wa lugha na sanaa akafika saa ile ile, utadhani walipanda gari moja.

Barua ilikuwa ya Cóilín, mtoto wa pekee wa Baibín, mwimbaji wa kijiji. Kwa mara ya tatu halmashauri ilimnyima kibali cha kujenga kwenye shamba la babu yake. Si kasri alilotaka, jamani. Vyumba vitatu tu, akae na mkewe Nainsí na watoto wao watatu, ambao huu ulikuwa mwaka wa nne wanabanana kwenye nyumba ya bati yenye magurudumu nyuma ya nyumba ya bibi yao. Safari hii sababu ilikuwa mpya. Nyumba hiyo, barua ilisema, ingeharibu mandhari inayoonekana kutoka dirisha kubwa la Jumba jipya la Sanaa. Na barua yenyewe, iliyotoka serikalini kuja Ros Caoláin, kijiji cha Ayalandi ambacho hata mbwa hufukuzwa kwa Kiayalandi, iliandikwa kwa Kiingereza kitupu.

Hilo Jumba la Sanaa sasa! Lilijengwa kwa miezi minane, vioo juu hadi chini, katikati ya kinamasi ambako wazee walikuwa wakichimba udongo wa kuchoma kama kuni. Lenyewe halikuharibu mandhari ya mtu.

Afisa aliitwa Fiachra. Alikuwa mwanamume wa Dublin mwenye miwani ya mviringo, na Kiayalandi chake kilikuwa safi kama shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya boksi. Alikaa jikoni kwa Baibín, akapewa chai na mkate wenye siagi, akaanza kumvika mwenye nyumba kilemba cha ukoka.

"Bibi Baibín, wewe ni hazina ya taifa."

"Hazina hufungiwa kabatini, mwanangu. Kunywa chai inapoa."

"Jumamosi waziri anakuja kufungua Jumba. Tunaomba uimbe, kwa mtindo wa kale kabisa. Dakika tatu hivi."

"Dakika tatu? Huo si wimbo, hiyo ni chafya."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Cóilín na barua mkononi, viatu vimejaa matope. Hakumsalimu mgeni. Aliiweka barua mezani mbele ya mama yake, akaketi, akajifuta uso.

"Wamekataa tena," alisema. "Mama, wale watu wa Coventry wanataka jibu Jumatatu, na Ijumaa yake tuwe tumeondoka. Kazi ipo, na nyumba ipo. Mimi nimechoka. Nainsí amechoka zaidi."

Baibín aliisoma ile barua mwanzo hadi mwisho. Kiingereza alikijua vizuri mno, kwa maana alisafisha vyumba vya hoteli Boston miaka sita. Wajukuu watatu wangekwenda Uingereza, na shule ya kijiji yenye watoto kumi na tisa ingebaki na kumi na sita na mwalimu mmoja. Lakini aseme kweli, shule haikuwa imemjia kwanza akilini. Kwanza alimwona yule mdogo, Micil, wa miaka minne, ambaye kila asubuhi alivuka uwanja bila viatu kuja kuomba mkate kwake.

Alimgeukia afisa.

"Nitaimba," alisema. "Na wewe utamtia waziri barua hii mkononi, na ya kwangu nitakayoandika, kabla sijafungua mdomo. Tumeelewana?"

"Nakuahidi, bibi," alisema Fiachra, akaweka mkono kifuani.

Jioni Beairtle alisimuliwa. Beairtle ni mzee wa jirani, ambaye kwa miaka thelathini ndiye aliyemshika Baibín mkono anapoimba. Alicheka hadi akakohoa.

"Ahadi ya afisa! Hata paka wangu ameniahidi panya. Wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hawa, na sisi tunageuza shavu la pili."

"Wewe njoo na koti safi tu," alisema Baibín.

Kuanzia siku ile hadi Jumamosi alimenya viazi akinong'ona peke yake. Nainsí alidhani mama mkwe anasali.

Jumamosi wageni wa Dublin walikaa kwenye viti, na watu wa kijiji wakasimama nyuma ukutani, kwa sababu viti vilikuwa na majina na majina yao hayakuwemo. Samaki aliletwa kwenye vipande vya mkate vidogo kama kucha. Waziri alipanda jukwaani, akasoma sentensi nne za Kiayalandi kutoka kwenye kadi, akijikwaa kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, kisha akakimbilia Kiingereza na kukaa huko nusu saa. Alisema lugha ndiyo roho ya taifa. Alisema serikali yake imewekeza kuliko serikali zote zilizotangulia. Debe tupu, na liliachwa livume.

Baibín alimvuta Fiachra kando.

"Barua umempa?"

Fiachra alitazama viatu vyake. "Bibi, kuna utaratibu. Na leo ni siku ya furaha. Wiki ijayo nitai..."

"Ipo wapi?"

Ilikuwa kwenye faili, kwapani mwake. Baibín alimtazama kwa kitambo, juu hadi chini, kama mtu anayetazama samaki aliyeoza kwa bei ya samaki mzima.

"Haya," alisema, na akaenda kuketi.

Kwa watu wa pale, anayeimba huketi, na msikilizaji mmoja huja kumshika mkono, akauzungusha polepole wimbo wote, kama anayesaga. Mkono humpa mwimbaji pumzi. Anayeushika hauachi hadi neno la mwisho, hata kama sufuria inaungua jikoni, na kuuachia katikati ni tusi ambalo watu hulikumbuka miaka. Kiti cha Beairtle kilikuwa tayari. Alikuwa njiani, koti safi, nywele kazichana kwa maji. Lakini mpiga picha alimnong'oneza waziri, na waziri, mtu wa kupenda kamera, akamtangulia Beairtle, akaketi, akaudaka mkono wa Baibín kwa mikono yake miwili huku akitabasamu.

Hakuna aliyemwonya. Nani amwonye? Beairtle alirudi ukutani akauma mdomo asicheke.

Baibín alifumba macho, akabana vile vidole, akaanza.

Haukuwa wimbo wa kale. Sauti ndiyo ilikuwa ya kale, ile inayopanda na kujikunja na kukawia, lakini maneno yalikuwa ya wiki ile. Katika nchi ile, zamani washairi walikuwa wakimkashifu mfalme bahili hadi, wanasema, anaota majipu usoni, na Baibín alizaliwa kwa watu wa kazi hiyo.

*Jumba lao la vioo, ndani halali kiumbe,*
*Wangu wamo kwenye bati, wabanana kama ng'ombe.*

"Mungu akubariki, Baibín!" alipiga kelele mtu wa nyuma. Ndivyo wanavyomtia mwimbaji moyo.

Waziri alitikisa kichwa kwa furaha.

*Bwana kaja na kamera, asifu ulimi wangu,*
*Ulimi auchukua, aiacha damu yangu.*

"Mpe! Mpe, mwanamke we!"

Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa unatetemeka kwa kicheko kilichozuiwa. Alimwimba waziri tumbo lake, kadi yake, sentensi zake nne. Aliiimba halmashauri iliyoona aibu ya nyumba ya maskini lakini haioni aibu yake yenyewe. Na waziri anatabasamu! Wageni wa Dublin wamefumba macho, wameinamisha vichwa kama kanisani, mmoja anafuta chozi. Katika viti vile vyote ni Fiachra peke yake aliyekuwa akielewa, na masikio yake yalikuwa yameiva. Beti zilikuwa ishirini na mbili. Kwenye ya kumi waziri alijaribu kuutoa mkono taratibu, akaona hautoki. Kwenye ya kumi na sita alijaribu tena, jasho likimtoka. Thubutu! Mkono wa mwanamke aliyechimba kinamasi miaka hamsini hauchomoki hivi hivi.

Desturi pia ni kwamba mstari wa mwisho hauimbwi. Unasemwa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuomba chumvi. Baibín alifumbua macho akausema.

"Na Ijumaa wanaondoka."

Nyuma hakuna aliyepiga kelele. Wengi hawakuwa wamejua. Nainsí alitoka nje.

Wageni walipiga makofi. Waziri, mkono wake bado umenaswa, alimuuliza Fiachra kwa Kiingereza, "Unahusu nini?"

"Mapenzi ya nyumbani, Mheshimiwa," alisema Fiachra.

Baibín alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hakuwahi hata siku moja kumjibu mtu wa serikali kwa Kiingereza katika kijiji chake. Alikizungumza sasa. Aliona haya mbele ya majirani zake kuliko kama angevuliwa nguo, lakini alikizungumza.

"Mwanangu amenyimwa kibali mara tatu. Ana watoto watatu. Barua iko kwapani mwa huyu hapa. Nimekwambia kwa lugha yako, usije ukasema hukusikia."

Waziri aliangalia kamera, akaangalia faili, akarudi kwenye kamera.

"Mama, mimi siwezi kuingilia kazi ya halmashauri," alisema. "Lakini nikusifu: Kiingereza chako ni kizuri mno! Na wimbo huo lazima tuurekodi, usipotee."

Baibín aliuachia mkono wake. Aliufuta wa kwake kwenye sketi, waziwazi, watu wote wakiona, akaenda nyumbani.

Ijumaa waliondoka. Micil alilia kwa sababu hakuruhusiwa kumbeba kuku.

Mwezi wa kumi Fiachra alipiga simu. Sauti yake ilikuwa changamfu kama hakijatokea kitu. Serikali imetoa fungu kubwa kwa wiki ya watoto katika Jumba la Sanaa, alisema, na televisheni itakuja, ila sharti ni watoto wanane waliolelewa kwa Kiayalandi nyumbani. Alikuwa amezunguka kijiji kizima akapata watano, maana kwa wengine nyumbani sasa ni Kiingereza.

"Nikawakumbuka wajukuu zako, bibi. Watatu! Wangetimiza."

"Wako Coventry."

"Najua, najua. Tutawalipia ndege, kwenda na kurudi. Na hoteli, wiki nzima."

"Hoteli," alisema Baibín. "Kibali cha nyumba hamkuwa nacho, hoteli mnayo. Mtawalaza kama wageni kwenye kijiji chao."

"Ni wiki moja tu, bibi. Na Kiayalandi bado wanazungumza, sivyo?"

Baibín alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha kumfikisha Krismasi. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limemkaa rohoni tangu jana, na hakuwa na mwingine wa kumwambia pale jikoni.

"Wakubwa wawili wanazungumza," alisema. "Yule mdogo, jana nilimuuliza kwenye simu amekula nini. Akanijibu kwa Kiingereza."

Kisha Baibín akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Basi," alisema Fiachra, "niandike wawili."